Siku ya Kupumzika Niliyoikataa Mikese

Asifiwe Bwana aliyenifikisha, ndugu zangu, maana kwa miguu yangu nisingefika! Kusoma nimesoma kidogo tu kwa mwalimu wa dini, na hata sasa sijui kama ninastahili kushuhudia. Lakini nikinyamaza nitakuwa mwizi wa sifa zake.

Mke wangu Agata alimwekea Mungu nadhiri: mtoto wetu akipona, atambeba kwa miguu toka kwetu Uluguru hadi Bagamoyo, kwenye sikukuu ya Mama Maria. Mtoto akapona. Tukaondoka kwetu Bigwa kundi zima la waendao sikukuu, tukiongozwa na Mihayo, Mnyamwezi aliyekuwa mpagazi wa pembe katika njia ile. Yeye ndiye aliyepanga tulale wapi na tupumzike lini.

Ndugu zangu, Mnyamwezi kwetu ni mtani. Anakutukana na huna ruhusa ya kukasirika. Basi kila tulipotua anasema, akininyoshea kidole, "Agata mke wangu, huyu mlinzi wa nyumba yangu mbona hajanichotea maji?" Agata anacheka mpaka anashika mbavu. Nami nacheka, lakini ndani ni pilipili! Nisimsingizie: hakumgusa, wala hakusema neno nje ya utani. Ila nilisikiliza kile kicheko, nikaona kwangu hajawahi kucheka hivyo.

Siku za kupumzika ndizo zilizoniua. Siku ya mwendo hakuna maneno, watu wanahema. Siku ya kupumzika wanakaa kivulini wakitolewa funza miguuni kwa mwiba, na fundi ni Mihayo. Nimpe yeye mguu wangu? Thubutu! Nikasema sina funza, na vidole vimevimba kama ndizi.

Tulipofika Mikese akasema, "Kesho hatuendi." Nikasimama. Nikasema sikukuu itatupita, kiongozi mvivu atatukosesha baraka. Niseme haki: hofu ya kuchelewa ilikuwa ya kweli. Lakini si hofu iliyonisimamisha, ni wivu! Watu wakanisikiliza mimi. Asubuhi tukaondoka.

Hatukufika mbali. Mguu ulikataa, nikaanguka njiani natetemeka kwa homa. Agata akaketi kando yangu na mtoto mgongoni. "Nyinyi nendeni," akawaambia. "Mimi simwachi." Nadhiri ya mtoto wetu inavunjika, na anayeivunja ni mimi! Nikalia: Bwana, nichukue mimi, yeye afike.

Mihayo akatua mzigo wake. "Mluguru wewe! Nimebeba pembe za tembo, hazikuwa na kiburi hiki. Lete mguu."

Ndugu zangu, kuunyosha mguu ule kulikuwa kuzito kuliko kutembea! Nikaunyosha. Akauweka mapajani mwake, akachokoa, usaha ukatoka na funza wake. Kisha akamgeukia Agata: "Dada, mume wako ananuka!" Alisema mume wako. Agata akacheka, amenishika kichwa, nami nikacheka huku machozi yananitoka, na kitu kikafunguka kifuani mwangu.

Kundi zima lilipumzika palepale mpaka homa iliposhuka. Hakuna aliyenilaumu. Tukafika Bagamoyo watu wameshaanza kuingia kanisani, Agata akapita mbele na mtoto wake. Haleluya!

Sisemi wivu umekwisha wote. Mihayo akija kwetu kudai kuku wake wa utani, mara nyingine bado unanichoma. Lakini siku hizi simfichi Bwana panapouma. Asante, Bwana! Nawe uliyeficha kidonda kwa sababu humpendi aliyeshika mwiba, mtumaini Mungu aliyemtuma. Nyosha mguu, ndugu yangu.