Rangi ya Kifaru cha Shivachi

Hapa mtaani kwetu Lindi, mbele ya kibanda cha Awiti wa kahawa, kuna benchi ya ubao mmoja uliolazwa juu ya madebe mawili. Wenyewe tuko wale wale. Kuna Okoth, tunayemwita Kanali kwa sababu ni soja wa geti na hutembea kana kwamba ana jeshi zima nyuma yake. Kuna Tonny, ambaye amekuwa Berlin tangu aliponunua jezi ya Ujerumani pale soko la Toi akakataa kuivua. Kuna Boaz wa kupaka nyumba, tunayemwita Andakoti, kama ile rangi ya kwanza ya kutangulia ukutani. Na mimi, ambaye kazi yangu hapo ni kunywa na kukasirika. Jumamosi hiyo nilikasirika kabla hata ya kunywa. Shivachi, fundi wetu wa mabati, mtu wa masanduku na karai, alirudi kutoka Kawangware na kitu amekifunga ndani ya sweta. Akafungua. Kilikuwa ni kile kifaru chake, gari la vita la mabati ya mikebe, urefu wa mkate, minyororo inazunguka, mzinga unageuka. Tulimwona akikitengeneza tangu mvua ianze. Asubuhi alikipeleka kwenye ukumbi ambako watu wa kuunda magari madogo ya maonyesho walikuwa wanakutana. Sasa ubavuni mwake, katikati ya ile rangi ya kijivu, kulikuwa na mkwaruzo.

Awiti: Nani amefanya hivi?

Shivachi: Mkubwa wao. Ule wa miwani ya kamba. Niliiweka kwa meza ya mafundi. Akaniuliza ni ya mwaka gani, nikasema arobaini na nne. Akaiangalia hivi, akaikwaruza. Akasema kifaru ya Mjerumani ya arobaini na nne haikuwa kijivu. Akaibeba akaiweka kwa meza ya watoto.

Awiti: Meza ya watoto!

Shivachi: Katikati ya doli na gari ya waya.

Awiti: Na alikwaruza na nini?

Shivachi: Ukucha.

Awiti aliweka birika chini, na mimi nikawaka. Ukucha! Mtu amekata mabati mpaka vidole vikavimba, halafu mwingine anakuja na ukucha.

Shivachi: Amesema nikiirudisha na rangi ya ukweli kabla ya saa kumi, ataiweka kwa meza ya mafundi na jina yangu mbele. Lakini mimi hiyo kifaru nili...

Kanali: Ngoja, Shivachi. Kunywa kahawa kwanza. Hii kesi sasa ni ya benchi.

Berlin: Kesi gani? Kijivu ndiyo rangi ya Mjerumani. Mimi nimeona sinema zote za hiyo vita. Zote kijivu. Hakuna hata moja ilikuwa na rangi ingine.

Andakoti: Berlin, hizo sinema ni za zamani. Kila kitu ndani yake ni kijivu. Ng'ombe kijivu. Bendera kijivu. Hata babu yako kwa ile picha ya kipande, kitambulisho cha mkoloni, ni kijivu, kwani alizaliwa hivyo?

Berlin: Usimguse babu yangu.

Andakoti: Mimi ni mtu wa rangi, nasoma mambo ya rangi. Nimeangalia kwa simu sasa hivi. Kijivu ilikuwa mwanzo wa vita. Kuanzia arobaini na tatu, kifaru inatoka kiwandani ikiwa njano. Njano ya giza, kama haradali imelala nje. Halafu askari anapewa kahawia na kijani kwa mkebe, nzito kama siagi, ati achanganye mwenyewe na petroli ama maji.

Mimi: Achanganye mwenyewe?

Andakoti: Mwenyewe! Huko vitani, bila kipimo! Huyu anaweka maji mengi, yule anaweka petroli kidogo. Hakuna vifaru viwili vilifanana. Sasa huyo mtu wa miwani anakwaruza nini? Anatafuta rangi gani ya ukweli? Mimi nikipaka ukuta wa mtu namna hiyo huko mtaa wa Satellite nitafukuzwa na mbwa!

Hapo ndipo damu ilinichemka kabisa. Kumbe hata wenye vita walikuwa wanakadiria, lakini fundi wa Lindi ndiye asikosee.

Shivachi: Hata mimi nilikuwa nasema, ile rangi nilichanganya ni...

Kanali: Shivachi, shika kikombe. Nyinyi wote hamjui. Wajerumani walikuwa Tanganyika hapa karibu. Baba ya babu yangu aliwabebea mizigo katika vita ya kwanza. Geti ya boma yao ilikuwa kijani. Mtu hawezi kuwa na geti kijani halafu kifaru njano. Jeshi hununua rangi kwa jumla.

Berlin: Vita ya kwanza Tanganyika kulikuwa na kifaru?

Kanali: Vilikuwa vimefichwa.

Berlin: Wapi?

Kanali: Ningejua, vingekuwa vimefichwa?

Mimi: Kanali, na wewe unalinda geti ya watu?

Kanali: Na haijawahi kuibiwa!

Berlin: Sawa. Basi niwaambie kitu. Awiti, hiyo sufuria yako ulinunua ikiwa rangi gani?

Awiti: Inang'aa.

Berlin: Na sasa?

Awiti: Nyeusi. Lakini ndani naosha.

Berlin: Si mnaona? Kifaru ina injini kubwa, inatoa moshi, inapigwa risasi, inapita kwa moto. Ianze njano, ianze kijani, mwisho itakuwa kama sufuria. Kwa hivyo vyote vilikuwa vyeusi, na huyo mtu wa miwani ni mwongo wa kimataifa.

Kanali: Afadhali nyeusi kuliko haradali.

Andakoti: Haradali iko kwa simu!

Berlin: Simu yenyewe imepasuka kioo, inakuonyesha kila kitu njano!

Andakoti alipochoka kubishana, alifanya vile hufanya akishindwa kwa maneno. Alienda kwake nyuma ya kibanda, akarudi na mkebe wa rangi ya njano uliobaki kazini, akaikoroga na kahawia kidogo kwa kijiti. Akavuta kifaru. Shivachi akanyoosha mkono, lakini mkono mmoja ulikuwa na kikombe na ule mwingine Kanali alikuwa ameutia mandazi. Brashi ikapita mara moja, mara mbili. Kusema kweli ilipendeza. Hata Berlin aliinama kuiangalia. Kijivu chote kilikuwa kimekwisha kufunikwa wakati mama mmoja alipofika na chupa ya chai mkononi, ajaziwe kahawa. Ni Kalondu, mpangaji mpya wa ploti ya nyuma, hata wiki hajamaliza.

Kalondu: Sasa? Mnapaka nini hapo?

Kanali: Kifaru ya Wajerumani, mama. Tunarekebisha historia.

Kalondu: Ni nzuri. Na nani amesema ni ya Wajerumani?

Kanali alimwangalia Berlin. Berlin alimwangalia Andakoti. Andakoti aliangalia brashi. Mimi niliirudia ile habari kichwani tangu mwanzo, nikamtafuta aliyesema, na nikampata mtu wa miwani peke yake.

Awiti: Shivachi. Wewe ulimwambia ni ya Wajerumani?

Shivachi: Hapana. Yeye ndiye aliangalia akasema.

Awiti: Basi ni ya nani?

Shivachi: Ya Keya. Babu alikuwa Keya, wale askari Waafrika wa Mwingereza, wakapelekwa Burma. Ndiyo maana mzee wangu aliitwa Keya, alizaliwa kama babake ako huko, arobaini na nne. Babu hakuwa na bunduki sana, alikuwa wa kusukuma. Kifaru ya Mwingereza ikizama kwa matope, wanaitwa, wanasukuma na mabega. Alikuwa anamwambia mzee, na mzee akaniambia. Sasa mzee ameaga, nikasema niitengeneze kabla nisahau.

Andakoti: Na hiyo ilikuwa rangi gani?

Andakoti aliuliza kwa sauti ya chini sana, brashi bado inadondosha njano juu ya kiatu chake.

Shivachi: Babu alisema hakuwahi kuiona rangi. Siku zote aliiona na matope. Hiyo kijivu haikuwa rangi, Boaz. Nilichanganya siku mbili mpaka ikafanana na tope ya hapa chini mtoni.

Niliona aibu, na nikawa na hasira, na sikujua tena nimkasirikie nani. Shivachi hakungoja tuseme pole. Alikibeba kifaru kwa minyororo, rangi bado mbichi, akashuka mtoni, akachota tope kwa kiganja. Akakipaka taratibu, kuanzia magurudumu kwenda juu, mpaka njano ya Andakoti ikapotea yote ukabaki mzinga tu. Akafikiria kidogo, akaupaka na mzinga. Kisha akakibeba mikononi bila sweta, akashika njia ya Kawangware, matope yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

Andakoti: Watakubali?

Awiti: Wasipokubali, huyo wa miwani kesho atanikuta hapo mlangoni kwake. Na mimi nina kucha kumi.

 Kalondu alisimama na chupa yake tupu, akiogopa kuuliza lingine. Kisha Kanali akakohoa.

Kanali: Lakini matope ya Burma... si ilikuwa nyekundu?

 Awiti alikichukua kikombe mkononi mwa Kanali, akaimwaga kahawa iliyobaki chini, akamgeukia Kalondu, akamjazia chupa yake kwa yote iliyokuwa kwenye birika.