Félicien Katsuva na Piste Isiyo na Ndege

Wasifu wa marehemu, umesomwa na mdogo wake Néhémie siku ya mazishi, Bunia, tarehe 7 Juni 2025

Ndugu, majirani na wenzetu wa kanisa, tunayemsindikiza leo ni kaka yangu, Félicien Katsuva. Alizaliwa Butembo tarehe 9 Mei 1963. Familia imeniomba nisome kwa upole. Nitajaribu.

Alisoma shule ya msingi palepale Butembo, kisha miaka miwili ya ufundi wa ujenzi. Mwaka 1979 baba yetu alifariki na masomo yakaishia hapo. Félicien akaanza kusukuma chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, akibeba makaa na viazi. Akifika kwenye mteremko alikuwa anapiga goti juu yake na kuuachilia uende. Mama alimchapa sana kwa ajili hiyo. Ndiyo maana, miaka mingi baadaye, alipowaona vijana wa Bunia wakiteleza barabarani, hakuuliza ni wazimu gani huo, kama tulivyouliza sisi wengine.

Alifika Bunia mwaka 1991, akafanya kazi ya maçon, yaani fundi mwashi. Wengi wenu mlioketi hapa mnalala juu ya sakafu ya mkono wake. Alikuwa analainisha saruji mpaka mtu anaogopa kuikanyaga. Tarehe 16 Agosti 1997 alifunga ndoa na Alphonsine, aliyekuwa akiuza samaki wa Kasenyi. Asubuhi ya harusi tulimtafuta kila mahali. Tulimkuta ukumbini, amevaa suti, amepiga magoti na mwiko mkononi, anaziba ufa mbele ya meza ya maharusi. "Bibi yangu ataanguka hapa," alisema. Picha zote za siku ile zinaonyesha saruji kwenye magoti yake.

Binti yao wa kwanza, Séphora, ndiye aliyeleta patins nyumbani, vile viatu vya magurudumu, vya mitumba kutoka Uganda. Yeye na wenzake thelathini waliunda klabu. Waliteleza kwenye lami kubwa, katikati ya malori, kwa kuwa mjini hapakuwa na mahali pengine palipo laini. Tarehe 11 Februari 2022 pikipiki ilimgonga Séphora, mguu ukavunjika mahali pawili. Félicien alikaa kando ya kitanda chake siku tatu. Siku ya nne alichana mfuko mtupu wa saruji, akaugeuza, akachora uwanja: mita ishirini na tano kwa kumi na tano, wenye vilima na mabonde ya saruji ndani, mbali na barabara. Alisema hataki mtoto mwingine avunjike.

Chefu wa mtaa alitoa kiwanja palipokuwa jalala. Familia za vijana zilibeba mawe kwa toroli, Jumamosi baada ya Jumamosi. Shirika moja likakubali kuleta saruji yote, kwa sharti kwamba ruhusa ya mji ipatikane kabla ya mwisho wa Desemba 2023.

Barua ya kuomba ruhusa niliiandika mimi. Félicien aliniamini kwa sababu Kifaransa changu ni kizuri kuliko chake. Vijana wanauita uwanja ule piste, nami nikaandika piste, tukaipeleka Jumanne tarehe 5 Septemba. Sikufikiri. Katika mkoa huu wenye dhahabu, ambayo husafirishwa kwa siri kwa ndege ndogo, mtu akiomba piste anaeleweka kwamba anataka mahali pa kutulia ndege. Barua ikatoka meza ya ujenzi, ikapelekwa kwa watu wa usalama, na kaka yangu akaitwa kuhojiwa. Nilikwenda naye.

"Muzee, hii piste ni ya ndege ya nani?" karani aliuliza.

"Ndege gani? Ni ya batoto, ya kuteleza na patins."

"Weye ni maçon. Nani anakutuma?"

Félicien akaukunjua ule mfuko wenye mchoro juu ya meza, akaonyesha zile mita ishirini na tano. "Angalia. Ndege gani inaweza kutua ku vingt-cinq mètres?"

"Njo siye tunauliza," karani alijibu, akaandika kwamba jambo litachunguzwa.

Nilicheka siku ile. Leo naona aibu kwamba nilicheka. Tuliandika barua nyingine, safari hii tukaweka "uwanja wa michezo". Ilikataliwa: haiwezekani kupokea ya pili wakati ya kwanza bado inachunguzwa. Desemba ikapita, saruji ikapelekwa mji mwingine. Kuanzia hapo kaka yangu alikwenda ofisini, "biro" kama alivyoiita, kila Jumanne, shati limepigwa pasi, mfuko umekunjwa kwapani, na kila Jumanne aliambiwa, "Rudia wiki ingine, Muzee." Mawe bado yapo palepale. Majani yameota juu yake.

Presha ilimshika Oktoba 2024. Sisemi kwamba ofisi ndiyo iliyomuua. Daktari ametueleza vizuri. Nasema tu kwamba nina hasira, na sitaificha mbele ya jeneza lake. Jumatatu iliyopita alianguka bafuni, akapelekwa hospitali. Jumatano alizinduka kidogo.

"Leo njo siku gani?" aliuliza.

Mama Alphonsine akamwambia.

"Basi jana sikuenda ku biro."

"Pumzika kwanza, Baba Séphora."

Alifariki Alhamisi tarehe 5 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mjane, Alphonsine, watoto watatu, Séphora, Gaël na Patience, mjukuu mmoja, mimi mdogo wake, na vijana thelathini wa klabu, ambao programu ya mazishi iliwasahau na ambao nawaongeza kwa mdomo.

Jana, tukiwa kwenye kilio, jibu la ofisi lililetwa nyumbani, baada ya miezi ishirini na mmoja. Linamtaka Félicien Katsuva ajifikishe yeye mwenyewe, Jumanne tarehe 10 Juni, saa tatu asubuhi, aeleze ni ndege za aina gani zitakazotumia piste yake.

Mungu ampe kaka yangu pumziko la amani. Jumanne hii yeye haendi. Ataenda Séphora, na patins zake miguuni, ili watu wa ofisi waione hiyo ndege.