Mwezini Mwaka Arobaini na Nne

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la mashine za kufulia, pale Wembley. Mtu mwenye akili zake hakai nje London mwezi wa Novemba, lakini mwenye duka alikuwa ametoboa ukuta na kupitisha bomba, na bomba lile lilitema hewa ya moto yenye harufu ya sabuni, usawa wa visigino vya waliokaa. Basi kila Jumamosi alasiri wanaume watatu walikaa pale, miguu iko Mombasa, masikio yako Uingereza. Wa kwanza alikuwa Vuai, karani wa zamani wa forodha ya Unguja, aliyekimbia baada ya mapinduzi. Kila mmoja pale alikuwa na jina la utani, na yeye aliitwa Redio, kwa sababu ukishamwasha huoni pa kumzimia. Kahawa ilikuwa yake, na themosi yake, na vifinjani vyake. Wa pili alikuwa Harjit, Singasinga wa Kisumu, fundi wa magari, aliyeitwa Burma kwa kuwa hakuna mazungumzo ambayo hakuyafikisha Burma. Wa tatu alikuwa Hemant, na yeye walimwita Sanduku.

Jina hilo Hemant alilipata kwa haki. Mwaka uliotangulia, Wahindi wa Uganda walipoambiwa waondoke, duka lake la Jinja liliishiwa kila kitu isipokuwa masanduku meusi ya bati, na kila aliyekuwa akiondoka alinunua moja. Hemant mwenyewe aliwaonyesha wateja namna ya kulifunga kwa kamba ya katani, mafundo mawili mbele, moja nyuma. Kwa hiyo aliposhuka kwenye ndege huku Uingereza, mvua inanyesha, mama yake mzee anatetemeka mkononi mwake, aliona sanduku jeusi la bati lenye mafundo mawili mbele na moja nyuma, akalinyakua. Uwanja mzima ulikuwa umejaa masanduku ya duka lake.

Mama yake, Damyanti, ndiye aliyelipakia la kwao, na alikataza lisifunguliwe kambini walikopelekwa. Litafunguliwa chini ya paa letu, alisema, si mbele za watu. Paa likapatikana, vyumba viwili juu ya duka la viatu, lakini mama hakuliona. Baridi ilimmaliza kule kule kambini kabla ya Krismasi. Hemant alipokaa peke yake katika vyumba vile na kukata kamba, alikuta magazeti ya katuni ya Kijapani, yamejaa hadi juu, manene kama matofali. Hakukuta hata leso ya mama yake.

Tangu hapo hamu yake duniani ilikuwa moja: ampate mwenye magazeti, warudishiane. Ndiyo ikawa kazi ya kijiwe.

— Leo tumalize, alisema Vuai akimimina kahawa. Jumatatu Sanduku anakwenda ubalozi wa Japani. Hawezi kwenda mikono mitupu, aseme, "Nimeokota magazeti." Watamcheka. Aende na historia ya gazeti, kamili. Limezaliwa lini, limekua vipi, limekufa lini. Mwenye mali hujulikana kwa mali yake.

— Si angewauliza wao hiyo historia? alisema Harjit.

— Umuulize mtu jambo usilolijua, ujue vipi kama anakudanganya?

Harjit alifikiri, akaona ni kweli.

Lazima isemwe kwamba Vuai alikuwa na sababu ya kujiamini. Mwanzoni Hemant na Harjit walikuwa wakiyafungua magazeti kutoka kushoto, kama vitabu vya kwao, na kila mara walimkuta msichana wa sare ya shule, macho kama visahani, analia mbele ya umati. Kisha tufe la chuma lilitoka mbinguni likamrudia mkononi, akalitua chini, akarudi nyumbani kula wali. Harjit alisema ni hadithi ya mtu aliyeacha michezo. Vuai akalichukua gazeti, akaligeuza, akalifungua kutoka kulia kama afunguavyo juzuu, na tufe likaruka kama yanavyoruka matufe mengine yote. Tangu siku hiyo walimsikiliza, na gazeti wakalipa jina la Tufe.

— Twende kwa tarakimu, alisema Vuai. Kila jalada lina namba kwenye kona. Ya chini kabisa ni arobaini. Ya juu ni arobaini na saba. Forodhani tulikuwa tukiandika mwaka hivyo hivyo, tunakata mbele. Basi Tufe limezaliwa elfu moja mia tisa na arobaini.

— Vitani! alisema Harjit. Si niliwaambia? Nilikuwa Burma na malori ya Keya, jeshi la Mwingereza. Huyu msichana harushi tufe, bwana. Ni mazoezi ya bomu la mkono.

Hemant alifunua gazeti moja kwa ncha za vidole. Karatasi zake zilikuwa za rangi rangi, waridi, kijani, samawati.

— Na hili tangazo, Burma? Kijana ameshika shavu, chupa ya dawa iko pembeni. Naona ni dawa ya chunusi.

— Askari hana chunusi? Wewe hujalala msituni.

— Na baiskeli? Na hawa watoto wa shule wanaocheka?

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Harjit. Mimi nilikuwepo.

— Ni gazeti la vijana, hilo halina ubishi, alisema Vuai. Vijana wa vita. Tazama linavyonenepa. La arobaini ni jembamba, la arobaini na saba ni nene kama godoro la hospitali. Halafu basi, hakuna la arobaini na nane. Limekufa limenona.

— Kitu kikinona huchinjwa, alisema Harjit.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Vuai. Kibaba kimejaa, wamefunga.

Hemant aliwasikiliza kwa sikio moja. Alikuwa akilifuta jalada kwa kiganja. Nyumbani aliyafunga magazeti yale kwa karatasi ya nailoni, akayaweka mbali na dirisha linalovuja, na kila Jumamosi alileta machache tu, chini ya koti, mvua isiyaguse. Harjit aliwahi kumcheka kwamba anayalea. Ni kweli alikuwa akiyalea. Alijiambia kwamba akiyatunza ya mwenzake, na mwenzake naye atayatunza ya kwake, na imani hiyo aliishikilia kwa nguvu kuliko nyingine yoyote aliyofundishwa utotoni.

— Kuna hili, alisema hatimaye. Sikulileta siku zote kwa sababu linanichanganya.

Akalitoa. Jaladani alisimama mtu wa nguo nyeupe nono, kichwani bakuli la kioo, nyuma yake mbingu nyeusi na dunia ndogo ya buluu inaning'inia. Pembeni yake yule msichana wa tufe alikuwa akipiga saluti. Kwenye kona, arobaini na nne.

Bomba lilivuma. Vuai na Harjit wakaliinamia jalada.

Hapa ndipo palipokuwa na kosa, na ni kosa la kustaajabisha kwa watu wale. Japani, pamoja na mwaka wa kawaida, huhesabu pia miaka tangu mfalme wao akalie kiti, na arobaini na nne ya kwao ndiyo sitini na tisa ya wengine. Gazeti lile halikuwa limekufa; lilikuwa likitoka kila wiki mpaka sanduku lilipofungwa, na mwenye sanduku alikuwa mwanafunzi tu. Lakini Vuai alikuwa amefunga Ramadhani juzi kwa mwaka wa Hijra, Hemant alikuwa ameanza mwaka wake mpya baada ya Diwali, Harjit wake ulianza Vaisakhi, na wote watatu walilipa kodi kwa mwaka wa Waingereza. Watu watatu, kalenda nne, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba Mjapani naye aweza kuwa na yake.

— Arobaini na nne, alisema Harjit polepole. Mimi nasukuma lori matopeni, wenzangu wako mwezini.

— Ndo maana walishindwa vita, alisema Vuai. Chuma chote kimekwenda juu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wao walitazama juu.

— Lakini Mmarekani ndiye aliyefika wa kwanza, alisema Hemant. Sisi Jinja tuliona picha. Hadi nyayo zake.

— Nyayo uliziona. Uliuliza nyayo za nani?

Hemant alikiri kwamba hakuuliza.

— Basi kwa nini Wajapani wanyamaze? aliuliza Hemant.

— Adabu, alisema Vuai. Tena aibu. Umefika mwezini, umerudi, mji umeungua. Utamsimulia nani?

— Wakaandika humu, alisema Harjit.

— Wakaandika humu! Ukitaka kuficha siri, n'nakwambia, mpe kijana wa miaka kumi na minne. Atasema, na hakuna mzazi atakayemsikiliza. Gazeti zima lilianzishwa kwa kazi hiyo. Msichana na tufe lake ni pazia tu. Tufe linakwenda wapi? Juu. Mwezi uko wapi?

— Juu, alisema Harjit.

— Kisha arobaini na saba serikali ikagundua, ikafunga.

— Na mwenye sanduku, alisema Harjit, sasa amesimama, ni mhariri! Amekimbia na ushahidi wote. Ukitafutwa Tokyo utajificha wapi? Jinja! Nani atakwenda kumtafuta mtu Jinja?

Hemant akasogea ukingoni mwa benchi.

— Kiwanda cha mashati kilikuwa na Wajapani, alisema. Mafundi. Walikuja na familia zao, na wengine waliondoka siku zile zile.

— Fundi wa jina tu, alisema Vuai. Mhariri huyo. Sasa ni mzee wa miaka sitini na ushei. Jumatatu waambie hivyo pale ubalozini: namtafuta mzee, mpole, mwenye miwani, aliyewahi kutunza siri. Watamjua mara moja.

Hemant alitaka iwe kweli. Mwezi haukumhusu. Alitaka mwenye sanduku awe mhariri, kwa sababu mtu aliyebeba karatasi kuzunguka nusu ya dunia bila kuzikunja pembe hawezi kutupa kitu cha mama wa mtu. Alimwona yule mzee ameketi mahali pakavu, sanduku jeusi liko mbele yake, anafuta vumbi kwa kiganja.

Mlango wa duka ukafunguliwa, akatoka mwanamke wa makamo aliyejifunga mtandio juu ya koti zito. Alikuwa Bi Mwanabaraka, Mpemba aliyehamia karibuni kutoka Walthamstow kuja kukaa na mwanawe. Nguo zake zilikuwa bado zinazunguka ndani.

— Masalkheri. Naomba moto kidogo, mie miguu sina.

— Karibu, bi mkubwa, alisema Vuai, akamsogezea nafasi ya kati, mbele kabisa ya bomba, akammiminia kahawa. Wakasogea wote. Kisha, kwa kuwa alikuwa mgeni na mgeni hana budi kuelezwa, wakamweleza. Vuai alieleza historia, Harjit akaeleza Burma, Hemant akashika gazeti juu kila palipohitajika. Alielezwa masanduku ya bati, mama aliyefariki kambini, vita, mwezi, mhariri, na safari ya Jumatatu. Bi Mwanabaraka alisikiliza huku akipuliza finjani.

— Mwezini? aliuliza.

— Mwezini, alisema Vuai.

— Haya.

Akanywa. Akamgeukia Hemant.

— Na yeye huyo mzee, mwanangu, alipofungua la kwako alikuta nini?

Vuai alifumbua mdomo, kwa mazoea. Harjit naye. Kisha wote wawili wakamtazama Hemant, na ilikuwa dhahiri katika nyuso zao kwamba miezi yote ile, kati ya tarakimu, chunusi na nyayo, hakuna aliyewahi kumuuliza.

— Sijui, alisema Hemant.

— Hujui?

— Alipakia mama. Mimi nilikuwa dukani, nauza masanduku. Nilirudi usiku, limefungwa. Nikamwambia, umeweka nini, mbona zito? Akasema nitaona.

— Hukumuuliza tena? Kambini?

— Nilidhani tutafungua pamoja.

Bi Mwanabaraka aliweka finjani chini kwa uangalifu.

— Maskini, alisema. Basi huyo mzee anamjua mama yako kuliko wewe.

Hakusema kwa ubaya, na Hemant hakuona ubaya. Lakini macho yalimjaa pale pale, mbele za watu, jambo ambalo mama yake asingelipenda. Alikunja gazeti la mwezini kifuani, akasahau pembe.

— Semeni basi, aliwaambia. Redio. Burma. Mmejua mpaka vita vya watu. Semeni aliweka nini. Semeni chochote.

Vuai alichukua themosi. Akaiinamisha juu ya finjani ya Hemant, akaitikisa, yakatoka machicha. Akaifunga, akaishika magotini, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze alikaa na themosi tupu bila neno.

Ni Harjit aliyejaribu. Alisafisha koo.

— Labda shali, alisema. Akina mama huweka shali.

Hemant akainua kichwa. Alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango.

— Ya rangi gani? aliuliza.

Harjit, aliyekuwa amejua kila kitu cha mwaka arobaini na nne, alitazama viatu vyake.