Bi. Glenabah Etsitty na Njia Iliyozibwa

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bi. Glenabah Etsitty anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupokea mazulia katika Ushirika wa Wafumaji wa Mwamba Mwekundu. Mimi, msaidizi wake, ndimi niliyepewa kuandika wasifu huu, na tangu nipewe sijalala vizuri. Mtaona kwa nini.

Alianza kwa kuchambua sufu, akapanda hadi meza ya mapokezi. Huyu mama hadanganyiki. Kuna mchuuzi aliwahi kutuletea mazulia kumi na mawili akiapa yamefumwa hukuhuku. Bi. Glenabah alipindua pembe ya zulia moja tu. Nyuzi za mtande, zile za wima zinazobeba zulia, zilikuwa zimekatwa na kufungwa mafundo. Zetu hazikatwi, hufika ukingoni zikazunguka na kurudi. "Baba," akamwambia, "hili halijawahi kuonana na kondoo wetu. Lirudishe kiwandani kwao." Tulicheka hadi mchuzi wetu wa mchana ukapoa. Lakini yale mazulia yangepita, bei ya kila mfumaji hapa ingeanguka, na nyasi za mifugo na viatu vya shule vingetoka wapi?

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, Bi. Louva Manygoats alileta zulia kubwa la kahawia. Kwenye pindo, kama ilivyo desturi ya wafumaji wetu, aliacha uzi mweupe uliokwenda hadi ukingoni, njia ya akili yake kutokea, isije ikafungiwa ndani ya kazi. Mnunuzi wa mjini Denver akauita kasoro, na alikuwa na haraka. Bi. Glenabah alikuwa msibani. Nilijua ni mwiko kuiziba njia hiyo, wallahi nilijua. Nikachukua sindano na uzi wa kahawia, nikaiziba.

Bi. Louva aliliona zulia lake pichani, akaja ofisini mbio. "Nani kanifungia humo ndani?"

Nikainamia daftari la mapokezi. Bi. Glenabah akanitazama mara moja, akasema, "Ni mimi, dada."

"Wewe? Wewe niliyechunga nawe kondoo tangu tukiwa wadogo? Basi usinijue tena!"

Miezi minane Bi. Louva hakugusa chanuo lake la kufumia. Kichwa kilimuuma, michoro ikamkimbia, akauza kondoo sita ili wajukuu wale. Bi. Glenabah alimsaka yule mnunuzi, mwisho akampata, akafumua mshono wangu kwa mikono yake. Bi. Louva akarudi kufuma, ila tangu hapo mazulia yake huletwa na bintiye, na salamu haziji.

Kila nilipotaka kusema, Bi. Glenabah alinikemea: "Nyamaza, mwanangu! Mimi siku moja nitaondoka, wewe utabaki. Wakijua ni wewe, nani atakuletea zulia?" Nami nikanyamaza, kwa woga mtupu.

Jumatatu nakaa kwenye meza yake. Naogopa, jamani. Naogopa kufungua mlango na asiingie mtu. Lakini naogopa zaidi mama huyu kwenda nyumbani na kosa langu mabegani.

Shangazi Glenabah, ahsante kwa miaka yote. Najua utanigombeza kwa karatasi hii, nigombeze tu. Ukapumzike kwa afya njema, macho yako yabaki makali, na kondoo wako wazae mapacha.

Bi. Louva, aliyekufungia njia ni mimi. Kiti kilicho kulia kwa Bi. Glenabah kwenye sherehe ya Ijumaa tumekiacha wazi kwa ajili yako.