Kikombe Kimoja, Wasemaji Watatu

Kijiwe chetu ni benchi nje ya kibanda cha fundi viatu, na sheria yake ni moja: kikombe ni kimoja, mwenye kikombe ndiye msemaji. Binti wa fundi ndiye anayetumiminia kahawa tangu akiwa mdogo, na hata sasa akitoka chuo kikuu anashika birika. Juzi alirudi uso umemshuka. Mhadhiri kamwambia hajawahi kuchangia neno darasani. Kesho asipojieleza mbele yake kwa mdomo, anarudia mwaka.

Kinyozi ndiye aliyeanza na kikombe.

— Tatizo lugha hiyo. Wanasomeshwa kwa lugha ya kigeni, mtoto anawaza kwa hii yetu. Akimaliza kupanga sentensi, wenzake washahamia mada nyingine.

Mzee Breki, dereva mstaafu, akampokonya.

— Lugha wapi! Anakaa viti vya nyuma. Abiria wakijazana nyuma, injini haisikii.

— Injini ina masikio, Breki? — kinyozi akadakia.

— Usinikatize, huna kikombe!

Zamu ikamfikia fundi mwenyewe.

— Mwanangu si mwoga, jamani. Nimemlea kwa adabu: wakubwa wakisema, yeye kimya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Alisema kwa fahari kabisa.

— Basi kesho aiache nyumbani hiyo adabu, — kinyozi akasema, kikombe kimemrudia. — Akavume! Debe tupu haliachi kuvuma, wahenga wamesema.

— Mie nasema kafungwa ulimi, — Breki akanywa funda. — Na aliyemfunga ni mhadhiri mwenyewe. Kawafunga darasa zima asije akaulizwa maswali!

Tukacheka. Binti hakucheka, alimimina tena.

Mama mmoja aliyefuata kiatu chake alikuwa amesimama pembeni, akisikiliza.

— Na yeye mwenyewe anasemaje?

Muda wote huo tumemjadili naye yupo papo hapo, na hakuna aliyemuuliza.

Fundi akakichukua kikombe, akamnyooshea bintiye.

— Haya, mwanangu. Sema.

Akakipokea kwa mikono miwili. Midomo ikamcheza. Tulisubiri. Roho iliniuma, maana niliiona kesho yake itakavyokuwa mbele ya mhadhiri.

Kisha akakisuuza kikombe, akamimina, akampa yule mama.

— Karibu kahawa.