Moja Nukta Sifuri Tano ya Keely

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate hapa Turrawil, chini ya kibaraza cha bati, mkabala na maghala ya ngano. Kadogo hukaa pembeni, maana akikaa katikati mbao zinalia. Alikuwa mkata manyoya ya kondoo, ana kilo mia na thelathini, ndiyo maana tukamwita Kadogo. Yule tunayemwita Mvua ni mkulima. Kila alfajiri anapima mvua hata isiponyesha, anaandika sifuri kwa wino. Posta alipanga barua za mji huu miaka thelathini na minane na anajua za kila mtu. Wa nne ni mimi, bibi yake Keely. Keely ndiye anayetutengenezea kahawa pale dirishani likizo hii. Nimemlea tangu ana miaka tisa, mama yake yuko migodini huko magharibi. Siku ile ya Januari joto lilifika nyuzi arobaini kabla ya saa tano, na Keely alikuwa na muda mpaka saa sita mchana kujibu chuo kikuu kimoja cha Melbourne. Wamempa nafasi kwenye shahada ya sayansi ya wale vichwa hasa, darasa la watu thelathini tu. Abonyeze ndiyo kwenye simu, basi. Asipobonyeza, nafasi inakwenda kwa mwingine. Hakuwa amebonyeza.

Kadogo: Mimi nasema huyu mtoto kaibiwa. Tisini na nane nukta tisa tano! Moja nukta sifuri tano iliyobaki iko wapi?

Keely: Babu Kadogo, ile siyo maksi. Ni nafasi yangu kati ya wote waliomaliza shule. Katika kila watu mia, nimewapita tisini na nane na ushee.

Kadogo: Haya. Hao ambao hukuwapita ni mmoja na kipande. Huyo mmoja nimemwelewa. Kipande ni nani?

Keely: Siyo mtu, babu.

Kadogo: Mnasikia? Mwanetu kapitwa na kitu ambacho siyo mtu!

Mvua: Tulia, mzee. Tisini na nane nukta tisa tano ni nzuri. Hata mwezi ule wa mafuriko kipimo changu cha mvua hakikuifikia.

Posta: Nyie mnahangaika na namba. Mimi nimeisoma ile barua yao.

Mimi: Barua ya Keely umeisomea wapi wewe?

Posta: Mazoea, shoga yangu. Imeandikwa hivi: tangu mwaka wa kwanza wanakaa na maprofesa, wanatafuta majibu ambayo hayajapatikana duniani. Sasa jiulizeni, mtihani wake anausahihisha nani?

Kadogo akaweka pai yake chini, jambo ambalo si kawaida yake.

Mvua: Basi hawatoki! Unakaa chumba cha mtihani mpaka jibu lipatikane.

Posta: Ndiyo maana darasa ni watu thelathini. Viti vingine bado vina watu wa zamani.

Kadogo: Na wanakaa kwenye baridi. Lazima. Ubongo ukifanya kazi hivyo unachemka, kama injini ya trekta langu.

Mvua: Halafu kuna ile sabini na tano. Wastani ukishuka chini ya hapo, wanakuhamishia sayansi ya kawaida.

Kadogo: Mchana kweupe?

Mvua: Mchana kweupe, kwa mlango mdogo, na wale wa kawaida wamejipanga wanapiga makofi.

Posta: Mpwa wa jirani wa dada yangu alisoma hiyo. Alienda anaongea, akarudi anatikisa kichwa tu. Ukimwomba chumvi anakuuliza, una uhakika?

Keely alikuwa anatoa povu la maziwa, ametugeuzia mgongo. Hakucheka. Nikaona simu yake iko kando ya mashine, uso chini.

Niseme ukweli. Kadogo ni mwenyekiti wa klabu ya netiboli, na mfungaji wake ni Keely. Takwimu za mvua zinazokwenda serikalini, Keely ndiye anayezituma kwa simu. Fomu za pensheni za Posta, Keely. Na mimi nilikuwa kimya kwa sababu kila uongo wao ulikuwa unanipoza moyo. Nilikuwa nawaombea wapate uongo mwingine.

Saa sita kasoro robo ikasimama gari inayovuta karavani, ile nyumba ya magurudumu. Akashuka mama mmoja wa makamo, pua imeungua na jua, akaagiza pai mbili na kahawa. Akiwa anasubiri akatugeukia.

– Samahani, ninyi ni wenyeji. Lile ziwa la chumvi hapo nyuma, mbona maji yake ni ya rangi ya waridi?

Kadogo akaiokota tena pai yake. Mvua akatazama angani. Posta akatafuta kitu kwenye mkoba. Miaka sabini nimeishi kando ya ziwa lile, nimelipita kwenda harusini na mazikoni. Keely aliponiuliza akiwa na miaka kumi nilimwambia ndivyo lilivyo, nenda kanawe mikono.

Keely ndiye aliyejibu.

– Kuna viumbe vidogo sana mle majini. Chumvi ikizidi na jua likiwa kali, vinajitengenezea rangi. Lakini mwaka juzi nilipima, chumvi ilikuwa ile ile na jua lile lile, na ziwa likabaki jeupe. Nina chupa kumi na saba za maji yake nyumbani. Hapo sijui.

– Nani anajua?

– Bado hakuna.

Aliyasema hayo kama mtu anayetaja chakula akiwa na njaa. Nikainuka.

– Keely, bonyeza.

– Bibi, na wewe je?

– Mimi nina hawa watatu. Nitateseka, lakini sitakufa. Bonyeza, saa inakwenda.

– Netiboli... – Kadogo akaanza.

– Utafunga mwenyewe, Kadogo. Hakuna atakayeweza kukuzunguka.

Keely akabonyeza. Mtandao wetu ulivyo, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, na sote tumekikodolea macho, hata yule mama wa karavani. Saa sita kasoro dakika nne kikakubali. Akavua aproni, akanikumbatia, akaenda zake nyuma ya maghala kumpigia mama yake.

Mvua akagonga kikombe chake kitupu.

– Jamani, kahawa.

Tukaingia ndani wanne, tukasimama mbele ya ile mashine. Ilikuwa na vitufe sita, na hakuna kati yetu aliyejua maji yanaingilia wapi.