Dada Yetu Aliyelinyima Lori la Uokoaji Dizeli ya Hospitali

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, poleni na asanteni. Mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, na familia imenituma nisome maisha ya dada yetu, ingawa wapo waliostahili zaidi yangu, na sababu ya kusema hivyo mtaisikia.

Dada alizaliwa Jumapili tarehe 14 Juni 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa marehemu baba, aliyekuwa mnoa misumeno, na marehemu mama, aliyekuwa mshonaji. Mama alikuwa akisema mtoto huyo alijua kutembea kabla ya kujua kukaa, na kutulia kwenyewe hakukujifunza kamwe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, akamaliza sekondari mwaka 1981, kisha akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme na mitambo, msichana peke yake kati ya wavulana ishirini na sita, ambao wiki ya kwanza walimcheka, na wiki ya pili wakaanza kuazima daftari lake.

Tarehe 1 Septemba 1986 aliajiriwa hospitali ya wilaya kuhudumia jenereta, ile iliyo katika chumba cha matofali nyuma ya jengo la dobi, na wauguzi wakambatiza jina la Shangazi Dizeli, kwa kuwa harufu hiyo haikumtoka kwa sabuni wala kwa manukato.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Desemba 1989 na shemeji yetu, fundi saa, aliyepo hapa mbele, na katikati ya sherehe umeme wa mji ukakatika, bibi harusi akakunja gauni akaenda hospitali kuhakikisha mashine imewaka, akarudi baada ya dakika arobaini na alama ya grisi kiunoni, na shemeji akawaambia wageni kwamba ameoa akijua jenereta ndiyo mume wa kwanza, yeye ni wa pili. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Sasa nifike siku ya mafuriko. Jumamosi tarehe 9 Aprili 2011 mto ulivunja kingo, nguzo za umeme zikalala, barabara ikakatika, na kufika saa mbili asubuhi mimi na mama tulikuwa juu ya paa la shule ya msingi pamoja na watu wengine thelathini, mvua ikitupiga, na kabla simu yangu haijazima nilimpigia dada nikamwambia tulipo. Saa tatu afisa wa uokoaji, ambaye dada alishamwarifu tulipo, aliingia katika chumba cha jenereta, akasema lori lake refu linaweza kupita majini lakini tangi ni tupu, naye anaomba lita mia moja tu. Dada alikuwa na chini ya lita mia tatu na hamsini, na mashine ilikuwa ikinywa lita kumi na nne kila saa, wodini kukiwa na watoto njiti watano wanaopumua kwa umeme, na mama mmoja yuko mezani kwa upasuaji.

"Lita mia ni saa saba," dada alimjibu. "Siwezi."

"Lakini mama yako mzazi yuko kwenye lile paa!"

"Najua," akasema, akafunga kofuli la tangi, akaegemea mlango, na afisa akatoka akimtukana.

Lori lilipata dizeli kiwanda cha mbao, saa kumi jioni, na sisi tukateremshwa saa kumi na moja. Barabara ilifunguliwa kesho yake saa moja asubuhi, na katika tangi la hospitali zilikuwa zimebaki lita thelathini na nane. Hesabu hiyo kila mtu anaweza kuipiga. Watoto wote watano walipona.

Mama alishikwa na kichomi, akalazwa hospitali hiyohiyo, akipumua kwa umeme wa jenereta ileile, akamwambia dada, "Mashine yako inakoroma kama baba yenu," wakacheka wote wawili, na tarehe 21 Aprili akafariki.

Mimi sikuongea na dada kwa miaka miwili. Siku niliyokwenda kwake nilimkuta anapiga pasi, nikamuuliza hata salamu sijatoa, "Ungerudishwa siku ile, ungefanya vilevile?"

Hakuinua macho. "Mdogo wangu, hilo najiuliza kila siku. Wewe usiniulize."

Tangu mafuriko yale aliandika barua, akagonga milango, akafukuzwa katika ofisi na kurudi kesho yake, miaka sita, hadi mwaka 2017 likajengwa tangi la pili, la magari ya uokoaji peke yake, kwenye mwinuko, ili asije mtu mwingine akawekwa kati ya mama yake na mtoto wa mwenzake.

Moyo wake ulianza kumsumbua Oktoba 2023, akalazwa Februari, na taa zilipopepesa aling'oa sindano ya dripu akitafuta viatu, hadi muuguzi akamshika. Alifariki Jumatano tarehe 6 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, wafanyakazi wenzake wa karakana na dobi, pamoja na yule kijana wa miaka kumi na miwili aliyeketi pale nyuma na mama yake, mmoja wa wale watano, ambaye leo nimemshika mkono kwa mara ya kwanza.

Dada yangu, sijamaliza kubishana na wewe, lakini wenzako wa zamu wameshaingia chumba cha jenereta. Lala kwa amani.